Mguu wa Kulia

Kuna magari ambayo wenyewe huyauza yanapozeeka, na kuna yale ambayo huzeeka pamoja na wenyewe, boma moja na mvua moja, hata mtu asijue ni nani kati ya hao wawili anayemtunza mwenzake. Pijo ya mzee mmoja wa Bahati, kaskazini ya Nakuru, ni ya aina hii ya pili. Ni Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo rangi yake ilikuwa nyeupe na sasa inakaribia rangi ya maziwa yaliyolala. Kwa miaka mingi mzee aliitumia kubebea abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Eldoret, akawasomeshea watoto wake kwayo, na siku alipostaafu aliistaafisha nayo pia. Tangu hapo kazi yake imekuwa kanisa siku ya Jumapili, soko la mjini siku za katikati ya wiki, na mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba, safari ya Subukia, mahali patakatifu pa Bikira Maria ambapo Wakatoliki wa nchi nzima hukusanyika kuliombea taifa.

Msomaji aliyezaliwa baada ya magari haya kutoweka barabarani huenda asielewe heshima iliyokuwa nayo Pijo katika Bonde la Ufa. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatunukiwa taji la gari bora la mwaka barani Ulaya. Lakini huku kwetu haikupata sifa kwa taji hilo. Ilipata sifa mwaka 1975, Ove Andersson alipoishindia mashindano ya Safari Rally, na tena mwaka 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Gari lililoshinda Safari lilikuwa gari ambalo mkulima wa Molo aliweza kuliamini. Kufikia Februari 2004, kanuni za usafiri zilizohusishwa na jina la waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, Pijo nyingi za abiria zilikuwa zimeziachia njia Nissan za watu 14. Zilizobaki ziligeuka kuwa vyuma chakavu, mabanda ya kuku, au, kwa nadra, kumbukumbu zinazotembea.

Ugonjwa wa gari la mzee ulianza kwa sauti. Kila alipokanyaga breki, chini ya dashibodi palisikika mlio kama wa nyoka aliyekanyagwa mkia. Pedali ikawa ngumu, na injini ikatetemeka kana kwamba inataka kuzimika. Mwanawe wa tatu, ambaye ni mhasibu mjini, alimsindikiza hadi gereji moja ya jua kali. Fundi alisikiliza mara mbili, akainama, akachomoa mrija mmoja, akaurudisha, kisha akatoa hukumu yake: "Mzee, utupu wako umetoboka."

Mzee alicheka, kwa kuwa neno hilo lina maana nyingine ambayo baba haisemi mbele ya mwana. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili vinalo neno ombwe kwa mahali pasipo hewa, na wanaistilahi wanaweza kumlaumu fundi kwa kutolijua. Hata hivyo hukumu yake haikuwa na kosa. Kifaa kilichoharibika kilikuwa haidrovaki, bakuli la bati mfano wa sufuria mbili zilizokutanishwa midomo, ambalo hufungwa kati ya pedali na masta silinda. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinacholigawa pande mbili. Injini inapofanya kazi, huvuta hewa kupitia mrija na kuziacha pande zote mbili na ombwe. Dereva akigusa pedali, vali ndogo huufungulia upande wa nyuma hewa ya nje, nayo hewa hiyo, kwa kuwa mbele hakuna kitu cha kuipinga, hukisukuma kiwambo na kiwambo huisukuma masta. Basi anayelisimamisha gari ni anga nzima iliyo juu ya Bonde la Ufa. Mguu wa dereva hubisha hodi tu. Kiwambo kikipasuka, hodi hiyo haina wa kuiitikia.

Na anga yenyewe haina nguvu sawa kila mahali, jambo ambalo halizungumzwi sana. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa husukuma kwa takribani nne kwa tano ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Timboroa, kwenye mita 2,700 na zaidi, hubaki robo tatu au pungufu kidogo. Kwa hiyo haidrovaki ile ile inayomsaidia dereva kwa ukamilifu pale Likoni humpunguzia msaada pale hasa ambapo nchi imeinama zaidi.

Fundi alipendekeza njia ya kawaida: kutafuta haidrovaki ya pikapu ya Kijapani, kuiundia kishikio, na kuifunga mahali pa ile ya zamani. Mwana aliafiki papo hapo na kuuliza bei. Mzee akakataa. Alitaka bakuli lile liondolewe kabisa, pedali isukume masta moja kwa moja, kama yalivyokuwa magari ya ujana wake.

"Baba, watu wote duniani wanaongeza msaada, wewe unataka kuupunguza?" mwana akauliza.

Hapo ndipo mzee aliposimulia jambo ambalo alikuwa hajalisimulia nyumbani. Katika siku zake za abiria, petroli ilipopanda bei, madereva wengi walikuwa na mazoea ya kuzima injini na kutia gia huru kwenye miteremko mirefu, ili gari liende bure. Naye alifanya hivyo. Asubuhi moja akitoka Eldoret, alizima injini juu ya Sachangwan na kuliachilia gari kuelekea Salgaa, kipande ambacho jina lake limekuja kuwa sawa na msiba na ambako madereva wa malori wameonywa mara nyingi dhidi ya gia huru. Alikanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili ikashika. Ya tatu ikashika kwa shida. Ya nne pedali ilikuwa jiwe. Alikuwa na abiria saba. Alivuta breki ya mkono, akalazimisha gia ya pili hadi sanduku la gia likalia, akalipandisha gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto, na hapo likasimama. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja alishuka, akalipa nauli yake yote, na kusema angengoja gari jingine.

"Tangu siku hiyo," mzee akasema, "sijakiamini kitu hiki. Ni rafiki anayehesabu mara ngapi atakusaidia."

Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Mzee wangu, kwa heshima. Haidrovaki haikukukosea. Injini ndiyo inayoilisha, na wewe uliizima. Ilikupa akiba yote iliyokuwa nayo, mara tatu, ikaisha."

Haikuwa rahisi kusema maneno hayo kwa mtu aliyemzidi umri kwa miaka zaidi ya thelathini, na ni haki ya fundi kwamba aliyasema. Kisha akaongeza lile ambalo ndilo kiini cha kazi nzima: nguvu ambayo haidrovaki ilikuwa ikiitoa haiwezi kutupwa pamoja na bakuli lake. Gari ni zito vilevile na mteremko ni mkali vilevile. Nguvu hiyo sharti itafutiwe mahali pengine, na mahali pengine ni patatu tu: katika wenzo wa pedali, katika upana wa masta, na katika mguu wa mwenye gari. Akaweka na sharti. Kama gari lingekuwa bado la kubeba abiria kwa nauli, asingeligusa.

Mahali pa kwanza pana hesabu nyepesi. Pedali ni wenzo; huning'inia kutoka kwenye egemeo lake juu, na mguu huisukuma chini. Ikiwa kutoka egemeo hadi kwenye mguu ni sentimita 30, na ufito unaosukuma masta umeshikwa sentimita 7.5 chini ya egemeo, nguvu ya mguu huzidishwa mara nne, kiasi kinachotosha gari lenye msaada. Ufito ukihamishwa juu hadi sentimita 5, nguvu huzidishwa mara sita. Faida yake ni mara moja na nusu, na gharama yake ni kwamba mguu utasafiri zaidi kabla breki haijashika.

Mahali pa pili pana Mfaransa mwingine, Blaise Pascal, aliyeeleza katika karne ya 17 jinsi shinikizo linavyoenea ndani ya kiowevu. Pistoni ya masta ikiwa nyembamba, nguvu ile ile huleta shinikizo kubwa zaidi katika mafuta ya breki. Kutoka masta ya milimita 25.4 hadi ya milimita 22.2, shinikizo huongezeka kwa karibu theluthi moja. Hapa pia malipo ni mwendo wa mguu. Mtu hawezi kuendelea kupunguza upana bila kikomo, kwa maana atafika mahali ambapo pedali itagonga sakafu kabla pedi hazijabana diski.

Mahali pa tatu hapakuwa na hesabu ya kitabuni. Fundi alimtuma mwanagenzi wake kuazima mizani kwa kijana mmoja kati ya wale wanaowapima wapita njia uzito kando ya barabara kwa shilingi chache. Kiti cha dereva kilifunguliwa kikawekwa chini, mizani ikasimamishwa ukutani mbele yake, na mzee akaombwa aketi kama aketivyo garini na kuisukuma kwa mguu. Kwa mguu wa kushoto, uliokanyaga klachi maisha yake yote, alipata kilo 56. Kwa mguu wa kulia, wenye goti la baridi yabisi, alipata kilo 41. Akaomba arudie. Safari hii aliinua makalio na kushika kingo za kiti kwa mikono miwili, na mshale ukafika 47, lakini fundi akatikisa kichwa. "Barabarani mikono iko kwenye usukani, Mzee."

Kanuni za breki za Umoja wa Mataifa hazikubali gari dogo lihitaji zaidi ya nyutoni 500 kwenye pedali, yaani kama kilo 51, ili kufikia uzuiaji unaotakiwa. Watunga kanuni walimfikiria dereva wa wastani. Goti la mzee lilikuwa kilo kumi chini ya mtu huyo.

Kwa kipande cha chaki, fundi aliandika kwenye boneti. Tuseme haidrovaki ilikuwa ikizidisha nguvu mara tatu, na mzee alikuwa akihitaji kilo 25 za mguu kusimama kwa dharura. Bila msaada, hizo ni kilo 75. Gawa kwa moja na nusu ya wenzo, gawa tena kwa moja nukta tatu ya masta, zinabaki kilo 38 na kidogo.

"Una 41. Zimebaki tatu," akasema. Akafikiri kidogo. "Na hizo tatu ni za breki zilizopoa."

Kila aliyeshuka mteremko mrefu anajua alichomaanisha. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Pedi zikichemka, msuguano hupungua, na kile kilichosimamishwa kwa kilo 38 huanza kudai 45.

Mzee aliitazama chaki kwa muda. "Funga," akasema. "Nitaendesha mpaka mguu ukatae. Ukikataa, nitasema."

"Utasema, Baba?" Mwana hakupandisha sauti. "Ya Sachangwan hukuyasema miaka yote hiyo."

Hakuna aliyejibu. Jirani aliyekuwa akinyoosha bodi kwa nyundo alinyamaza naye, ikawa gereji yote imesikia. Katika jamii zetu mwana hamwambii baba neno kama hilo mbele ya watu, na huenda mhasibu huyu alilijutia usiku huo. Lakini lilikuwa limekwisha kusemwa, na tangu hapo kazi yenyewe ilifanywa kana kwamba neno hilo limeandikwa pale kwenye boneti chini ya hesabu.

Kazi ilichukua siku tatu. Fundi alitoboa tundu jipya la pedali kwa uangalifu wa daktari, akakataa kabisa kuchomelea chochote hapo, kwa kuwa chuma kilichochomelewa ovyo hukatika siku kinapohitajika. Kwa sababu ufito ulikuwa umepanda, masta nayo ilibidi ipande. Bamba nene la chuma likakatwa kuziba nafasi iliyoachwa na haidrovaki, ili ufito usukume kwa unyofu bila kuinamia upande. Masta yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, ili mafuta yakivuja upande mmoja, magurudumu ya upande wa pili yabaki na breki. Mdomo wa mrija ule kwenye injini ulizibwa, na mtetemeko ukaisha siku hiyo hiyo. Palibaki jambo dogo ambalo fundi alilirudia mara nyingi kuliko yote: kati ya ncha ya ufito na pistoni iachwe nafasi ya milimita moja hivi. Ikikosekana, kitundu cha kurudishia mafuta hubaki kimezibwa, breki hushika zenyewe kidogo kidogo, na gari huungua likiwa mbioni bila dereva kujua.

Kutoa hewa kwenye mabomba kulihitaji watu wawili, mmoja chini na mmoja kwenye pedali. Mwana alijitolea. Mzee akamtoa kitini. "Kanyaga," fundi akaita kutoka chini ya gari, akianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi. "Shika. Achia. Kanyaga. Shika. Achia." Magurudumu manne, mara kumi au kumi na mbili kila moja. Kwenye gurudumu la tatu, muda kati ya neno la fundi na kitendo cha mzee ulianza kurefuka. Fundi aliusikia, maana aliye chini ya gari husikia kila kitu. Mwana naye, aliyesimama karibu na mlango, alitazama pembeni.

Wiki ya mwisho ya Septemba wakaenda kuijaribu. Fundi alitangulia kuiendesha mwenyewe kwenye barabara tambarare, kisha juu na chini hadi pedi mpya zikakaa. Ndipo mzee akachukua usukani, fundi kando yake na mwana nyuma, wakapita Bahati wakiupanda ukingo, hadi pale ambapo nchi hukatika ghafla na bonde la Subukia huonekana lote chini. Fundi alikuwa amechagua mteremko huo kwa makusudi, kwa sababu ndio ule wa Oktoba.

Mzee alitia gia ya pili, injini ikiunguruma na kulizuia gari kama inavyopaswa. "Simama," fundi akasema, na gari likasimama mahali pake. Wakaendelea. "Simama." Likasimama, harufu ya pedi ikaanza kuingia madirishani. Chini zaidi, kwenye sehemu yenye mteremko mkali kuliko zote, akasema mara ya tatu. Gari lilipunguza mwendo, likasita, likasogea mita nne au tano zaidi ya ilivyostahili, ndipo likatulia. Paja la kulia la mzee lilikuwa likitetemeka waziwazi chini ya suruali. Hakuna aliyesema neno. Lori la kabichi liliwapita likipanda.

Mzee akavuta breki ya mkono.

"Umekataa," akasema.

Akashuka, akatafuta jiwe, akaliweka mbele ya gurudumu kama alivyofanya katika miaka ya abiria, akazunguka na kumfungulia mwanawe mlango wa nyuma. Fundi akahamia kiti cha nyuma bila kuulizwa. Walipokuwa tayari, jiwe likaondolewa, na mhasibu, ambaye ana miguu ya mtu wa miaka thelathini na mitano na ambaye mizani ingemwandikia kilo 80 bila taabu, akaligusa breki kama aligusavyo gari lake la Kijapani. Pijo haikumsikia kabisa. Iliteleza kuelekea kona, naye akashtuka, akarudia kwa nguvu hadi wote wakainama mbele.

"Kanyaga," mzee akasema. "Usiiguse kama unayemwamsha mtoto. Kanyaga, shika, halafu achia polepole."

Oktoba walikwenda Subukia wakiwa watano. Mwana aliendesha, akishuka kwa gia ya pili, akikanyaga mapema kabla ya kila kona kama alivyofundishwa. Mzee alikaa kando yake, rozari mkononi, macho barabarani. Na katika kila kona, kabla ya mwanawe, mguu wake wa kulia uliikandamiza zulia la sakafuni, mahali ambapo hapakuwa na pedali.